Trei ya Chini

Nilikatazwa kugusa. Naliandika hilo kwanza kwa sababu wapo watu ambao wakisimulia kosa lao huanza na sababu, na mpaka wafike kwenye kosa lenyewe, msikilizaji ameshawaonea huruma. Mimi sitaki. Mjukuu wangu alisimama kwenye korido, mbele ya mama yake, akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Bibi, vigae hivi usiviguse. Hata kimoja." Nikamjibu, "Nimesikia." Kisha nikavigusa, siku baada ya siku, zaidi ya miezi miwili.

Mwaka ulikuwa 2020, mwaka wa barakoa. Nyumba ni ile ya kupanga ya binti yangu, mjini Euless, karibu na Dallas, Texas, ghorofa ya pili, jirani na uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeletwa Marekani mwaka 2017 kutoka Pangani, bega langu la kulia lilipokataa kazi na binti yangu akaona siwezi tena kuishi peke yangu. Yeye ni nesi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mji wa Grand Prairie. Siku nyingine anatoka alfajiri, siku nyingine ndiyo anaingia, sikuwahi kuujua mpangilio wake. Tulikuwa watatu: mimi, yeye, na binti yake, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akisoma kemia chuo kikuu, mji wa Richardson.

Watu wengine wakizeeka hupenda kukaa. Mimi kukaa kunaniuma. Kwenye nyumba ile nilikuwa natoka dirishani naenda mlangoni, narudi dirishani. Nafuta meza iliyokwisha kufutwa. Binti yangu alikuwa akisema, "Mama, kaa basi, unanizungusha kichwa," nami nakaa, lakini mguu unaendelea kutikisika chini ya meza kama si wangu. Ndege zikipita juu ya paa nilikuwa nazihesabu. Mwaka huo zilipopungua, hata hicho cha kuhesabu kikaniishia.

Shule nilikwenda madarasa manne. Kusoma najua, kuandika najua, polepole. Ninachokijua kwa haraka ni chokaa. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Alipanga magogo duara, akapanga matumbawe juu yake, akawasha, na sisi watoto tukakaa upande upepo unakotoka tusivute moshi. Jiwe likishaiva likatiwa maji, linachemka lenyewe bila moto. Wanawake tulikuwa tukipiga sakafu za juu za nyumba kwa vigongo, tumekaa safu, tunaimba, mpaka chokaa inabana na mvua haipiti. Baba alikuwa akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio, na kusema, hapa pameshika, hapa pameachia. Na mama yangu alikuwa na dawa yake ya ukuta uliochoka: maji meupe yanayokaa juu ya chokaa iliyolowekwa, na humo kipande cha sukari guru. Ananyunyiza asubuhi, anafunika kwa gunia bichi, kesho tena. Kazi hiyo niliifanya na mama tangu sijavunja ungo.

Sasa mambo ya mjukuu. Mwaka 2019 alinichukua kwa treni kwenda chuoni kwake, gari alikuwa nalo mama yake. Akaniketisha kwenye kiti cha kuzunguka, akaniambia niweke jicho kwenye hadubini. Nikaona mistari. Mweupe mnene chini, juu yake mwekundu mwembamba, kisha wa buluu, kisha mweusi.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kipande cha ukuta, Bibi. Kidogo kama punje ya chumvi. Kimekatwa kwa ubavu."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa kanisa la mawe kule Ulaya, milimani, la miaka mia saba. Ndani yake amechorwa Bibi Mariamu ameketi na mwanawe mapajani. Akanionyesha picha kwenye kompyuta. Sura nzuri, mavazi mazuri, lakini mikono yake ilikuwa myeusi kama imetoka kwenye masizi ya sufuria.

"Wewe mtoto wa Kiislamu," nikamwambia, "umeona ukutumie ujana wako kwenye picha za kanisani?"

"Bibi, mimi niko kwenye chokaa. Si unaipenda chokaa?"

"Usinichezee."

Akacheka. Halafu akanieleza habari ya ile mikono. Watu wa kanisa walidhani ni moshi wa mishumaa, wakataka kusugua. Wataalamu wakawaambia subirini, tupime kwanza. Wakapima vipande kama kile, wakakuta hakuna moshi. Ni rangi nyeupe yenye madini ya risasi ndani yake, aliyoichanganya mchoraji kupata rangi ya mwili, na yenyewe ndiyo imegeuka nyeusi kwa umri na unyevu. "Wangesugua," akasema, "wangeiondoa mikono yenyewe."

Hilo lilinikaa. Nilirudi kwenye treni nikiwaza mtu na kitambaa chake, na nia yake njema, anafuta mikono ya Bibi Mariamu.

Tatizo la kanisa lile halikuwa rangi peke yake. Nyuma ya mchoro, chokaa ilikuwa inageuka unga. Mchoro unashikiliwa na ngozi nyembamba tu, umewekewa mbao na sponji usije ukaanguka. Kazi ya mjukuu wangu, na mwalimu wake aliyekuwa Houston kwenye maabara yenye mashine kubwa, ilikuwa kujaribu dawa moja mpya ya maji ya kuupa nguvu ule unga. Ikifaa, watu wa kanisa wangeitia ukutani kabla ya majira ya baridi. Isipofaa, watafute nyingine. Huwezi kujaribia kwenye ukuta wa miaka mia saba, kwa hiyo unatengeneza vigae vya kujaribia.

Machi 2020 chuo kikafungwa. Mjukuu akaja nyumbani na ndoo ya chokaa iliyolowekwa, akaiweka kwenye roshani, na vigae kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Akavipanga kwenye trei mbili, kwenye kabati la korido lisilo na mlango. Trei moja rafu ya juu, moja rafu ya chini. Hapo ndipo niliposema, "Nimesikia."

Lakini nilivitazama. Vilikuwa vibovu! Mchanga mwingi, chokaa kiduchu, ukipuliza tu unga unatoka. Nikamwita.

"Nani kakufundisha kuchanganya hivi?"

"Ni vibovu kusudi, Bibi."

"Kusudi?"

"Lazima viwe vigonjwa ili dawa ionekane. Bibi, I promise, viko sawa."

Katika maisha yangu nimesikia visingizio vingi vya mafundi. Mvua ilinyesha, mchanga ulikuwa na chumvi, punda aliugua. Kibovu kusudi sikuwahi kukisikia. Nikaona mtoto ameharibu kazi na anaona haya. Nikaona vigae vile vitakwenda Houston, mwalimu atavishika vitammwagikia mkononi, na mtu huyo atasema, huyu ametoka kwa watu wasiojua chokaa. Huyu! Kitukuu wa mchoma chokaa!

Basi asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, mwenyewe amelala na mama yake hajarudi kutoka kazini, nikachota maji meupe kwenye ndoo kwa kijiko cha supu. Sukari guru ilikuwepo jikoni, tulinunua kwenye duka la Wahindi. Nikatia kipande. Nikavinywesha vigae vya trei ya chini, taratibu, tone kwa tone, nikavifunika kwa kitambaa kibichi mpaka nusu saa kabla hajaamka, nikakitoa. Trei ya juu sikuifikia. Bega langu haliniruhusu kunyanyua mkono kupita kidevu. Nilijiambia nikipata siku ya nguvu nitapanda kiti, lakini siku hiyo haikuja.

Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile, mikono yangu ilikuwa na kazi. Sitaki kudanganya, nililala vizuri wiki zile. Aprili, Mei, mpaka mwezi wa sita. Niliona vigae vinashika. Nikigonga kwa kucha, sauti inabadilika. Siku moja kimoja kiliota ukungu wa kijani pembeni, kidogo, kama ncha ya sindano. Nikaufuta kwa kidole, nikaendelea.

Mwezi wa sita, siku ya Jumamosi, mjukuu akaketi sakafuni na trei zote mbili, mizani ndogo na seloteipu. Anabandika seloteipu juu ya kigae, anabandua, anapima unga uliotoka nayo. Mimi nilikuwa nachagua mchele. Ghafla akapiga kelele.

"Bibi! Dawa imeshika!"

"Dawa gani?"

"Yangu! Tazama. Vya juu vinatoa unga vilevile kama zamani. Vya chini, almost nothing! Hakuna kitu!"

"Vya juu hukuvitia dawa?"

"Ndiyo maana yake, Bibi. Sita nimetia, sita sikutia. Halafu unalinganisha."

Punje za mchele zikanitoka mkononi zikamwagika mezani. Nikazikusanya moja moja. Sikuwa nimejua. Nilidhani trei mbili ni kwa sababu rafu ni mbili. Yeye hapo hapo akampigia mwalimu wake, wanaonana kwenye simu, mwanamke mwenye mvi kama mimi, anapiga makofi. Mwalimu akasema atawaarifu watu wa kanisa, kwamba majibu ya kwanza ni mazuri mno, wakishavichunguza kwa mashine ya Houston na ikawa ndivyo, kazi ianze ukutani kabla ya baridi. Binti yangu aliporudi akapika pilau. Siku ya kawaida, si sikukuu, pilau! Kila mtu ananitazama mbona sili.

"Mama, unaumwa?"

"Meno."

Meno yangu hayakuwa na kitu.

Hapa niseme jambo moja la nyuma. Mwaka 2018, mjukuu huyu alilikwaruza gari la jirani akiwa anarudi nyuma kwenye maegesho. Hakuna aliyeona. Akaja kunieleza mimi akilia, akidhani bibi atamficha. Nilimshika mkono nikampeleka mlangoni kwa jirani, nikagonga mwenyewe, nikasimama nyuma yake mpaka akasema. Njiani kurudi akaniambia, "Bibi, wewe huna moyo." Nikamwambia moyo ninao, na ndio huo.

Basi mtu huyohuyo wa mlango wa jirani sasa alikuwa anazunguka nyumba nzima na neno mdomoni asiloweza kulitema. Nilimkuta mjukuu jikoni, nikafungua mdomo, nikamwambia afunge bomba. Nilimkuta sebuleni, nikamwuliza kama ameswali. Kila nilipokaribia, yeye ananiangalia kwa furaha ile, na mimi nageuka. Nilianza kutembea kwenye roshani, hatua sita kwenda, sita kurudi, nikiikwepa ndoo ya chokaa. Kunyunyiza niliacha, lakini kuacha hakuondoi kilichokwisha kuingia. Usiku niliwaza ule ukuta. Watatia dawa isiyofaa, wataondoa mbao na sponji kwa kuamini, na mchoro mzima utateremka chini na mikono yake myeusi.

Mwezi wa saba maabara ya Houston ikafunguliwa kwa watu wachache, kwa zamu. Mjukuu akapata nafasi. Akaniomba niende naye.

"Nikafanye nini?"

"Unishikie boksi. Barabara ina matuta, vigae vitagongana. Nikimpa mtu mwingine sitakuwa na amani."

Nani angeweza kunichagulia adhabu nzuri kuliko hiyo? Boksi likawekwa mapajani pangu, vigae kumi na viwili vimefungwa kwenye sponji. Akanifunga mkanda, mimi na boksi pamoja, akaukaza, akaujaribu kwa mkono.

"Umelipakata kama mtoto mchanga."

"Tazama barabara."

Tukateremka na ile barabara kuu ya kusini. Mtu asiyeijua Texas akitazama ramani anasema Dallas na Houston ni jirani. Ni saa nne za kukaa, na kukaa ni kitu ambacho nimekwisha kusema. Mashamba, mabango, malori, mashamba. Kila nilipoona kibao cha mji nilijiambia, tukipita hapa nasema. Tulipita miji mingi. Yeye anaimba, anapunguza sauti ya redio, ananiuliza kama baridi ya gari imenizidi. Mikono yangu ilikuwa imelowesha kadibodi ya boksi.

Katikati ya njia tukasimama kutia mafuta. Akashuka. Mlango wangu ulikuwa umefunguliwa nipate hewa, na chini yake sakafu ya saruji, ngumu, safi. Nikafungua mkanda. Nikawaza: nikisimama tu, hivi, mzee mwenye bega bovu, boksi likaniponyoka. Vigae vyote vinakuwa unga. Hakuna jibu la uongo, hakuna dawa ukutani, hakuna wa kunilaumu. Wataniambia pole! Nilisogeza miguu nje. Boksi likawa nusu mapajani nusu hewani. Nilikaa hivyo nikisikia pampu inavyohesabu.

Halafu nikaona kwamba huko ni kugusa mara ya pili. Nikarudisha miguu ndani. Akaja, akanikuta mkanda umefunguka, akaufunga tena.

Houston ilikuwa na joto la kuchemsha nguo mwilini. Kwenye jengo la maabara mlinzi alitupima joto kwenye paji la uso. Yule mwalimu akaja mlangoni, barakoa usoni, macho yanacheka. Akanyoosha mikono kupokea boksi. Sikulitoa. Mjukuu akacheka kwa aibu.

"Bibi, mpe."

"Nitampa. Kwanza nina neno, na Kiingereza sina. Wewe mtafsirie."

"Bibi, sio sasa, please."

"Sasa. Mwambie nashukuru kwa kutupokea."

Akamwambia. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Mwambie mimi ni mtoto wa mchoma chokaa."

Akamwambia, anatabasamu, nadhani aliona bibi anataka kujisifu. Mwalimu akasema kitu, mjukuu akanigeukia: "Anasema amesikia habari zako nyingi."

"Mwambie vigae vya trei ya chini nimevinywesha mimi. Maji ya chokaa na sukari guru. Kila alfajiri, tangu vilipokuja mpaka siku ya seloteipu."

Akafungua mdomo kutafsiri. Neno la kwanza likatoka, la pili halikutoka.

"Bibi, unasema nini?"

"Mwambie."

"Vya chini? Vile vya chini?"

"Mwambie kama nilivyosema. Usipunguze."

Akatafsiri. Aliyafikisha yote, hakupunguza hata sukari guru, sauti yake ikawa inashuka kila neno mpaka mwisho nikawa simsikii nikiwa nimesimama naye bega kwa bega. Mwalimu hakupiga kelele. Macho yaliyokuwa yakicheka yalitulia tu. Akapokea boksi, akaliweka mezani, akatoa daftari. Akaanza kuniuliza, na mjukuu wangu akawa mdomo wetu sote wawili, bila kunitazama. Kijiko cha ukubwa gani? Siku ngapi? Sukari kiasi gani? Kitambaa gani? Kuna kilichobadilika rangi? Hapo nikamweleza na ule ukungu nilioufuta. Akaandika, akapigia mstari.

Akanijibu kitu kimoja ambacho sijakisahau. Kwamba kuta za mama yangu zilikuwa kwenye jua na upepo, na huenda zilipona. Kanisa lile limefungwa, lina unyevu, na sukari ndani ya ukuta wa namna hiyo ni chakula cha ukungu. Ungeula mchoro. Nilikuwa nimebaki na kiburi kidogo mfukoni, kwamba angalau dawa ya mama yangu inafaa. Nikakitoa na hicho.

Walikata kigae kimoja cha trei ya chini wakakitazama kwenye hadubini. Tuliruhusiwa kuona kwenye kioo cha kompyuta. Dawa ya mjukuu wangu ilionekana juu tu, unene wa ukucha, imefunga uso. Chini yake ilikuwa chokaa yangu. Bila mimi, mwalimu akasema, ingekuwa uso mgumu na nyuma unga, na uso mgumu ni mzito, unaanguka kwa vipande vikubwa. Alikwenda kwenye simu pale pale kuwaambia watu wa kanisa waache kila kitu kama kilivyo, mbao na sponji, baridi nyingine nzima.

Tulirudi siku hiyo hiyo. Boksi liliachwa Houston na mapaja yangu yalikuwa matupu, sikujua pa kuweka mikono. Mjukuu hakufungua redio. Tukafika nusu ya njia. Kisha akasema, bado anatazama mbele:

"Nimemwambia kila mtu. Marafiki. Watu wa kanisa. Nilikuwa nimalize chuo Desemba."

"Najua."

"Ungeniambia siku ile ya pilau."

"Ningekuambia siku ile ya pilau."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Wewe?" Akanigeukia, nikamwonyesha barabara. "Wewe uliyenisimamisha mlangoni kwa jirani?"

"Mimi huyo."

Baada ya maili nyingi akasema, "Hakuna aliyekushika mkono," na sikujua kama ananilaumu au ananisamehe, na mpaka leo sijamwuliza. Hakumaliza Desemba.

Agosti akachanganya vigae vipya, dawa nyingine, mchanga mwingi, chokaa kiduchu. Safari hii alinieleza sababu ya kila kimoja na nilikaa nikasikiliza, mguu wangu ukitikisika. Kila kigae kilikuwa na namba tu. Kipi kina dawa na kipi hakina, alijua mwalimu peke yake, kule Houston, aliyetuma chupa zenye namba bila majina. Nikadhani nitaambiwa nikae mbali na korido. Badala yake mjukuu akaniletea daftari na penseli.

"Kila asubuhi, Bibi. Unatazama kipimo cha unyevu, unaandika namba. Unatazama vigae, unaandika ulichoona. Basi."

"Unaniamini?"

"Mwalimu amesema niandike jina lako kama mtunzaji. Mimi sijaamua."

Nikaandika. Herufi zangu ni kubwa, mstari mmoja unakula nafasi ya miwili. Oktoba, siku moja nilipitiwa na usingizi baada ya sala, nikaamka jua limekwisha panda. Ningeweza kuweka namba ya jana, zilikuwa zinafanana kila siku. Nilizunguka na lile daftari toka korido hadi dirishani, toka dirishani hadi korido. Nikaandika: Sikutazama. Jioni mjukuu akasoma, akakaa na penseli mkononi kidogo, akaweka alama yake ndogo pembeni, akafunua ukurasa.

Asubuhi iliyofuata, kigae namba saba kilikuwa kimeachia kona. Unga mweupe umemwagika juu ya rafu, laini, kama uliochekechwa. Ndoo iko roshani, hatua sita. Sukari guru iko kabatini. Vidole vyangu vilikuwa vinasuguana vyenyewe. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kabati, nikafungua daftari, nikaandika polepole:

Namba saba inamwaga unga. Sijagusa.